Taa ya cheki injini inarudi kila ukibadilisha sensa ya oksijeni? Pa kuanzia ni hapa

Ndani ya miezi minne nilinunua sensa mbili za oksijeni. Ya kwanza mtumba, ya pili mpya ya kwenye boksi. Zote zilinichezea mchezo mmoja: fundi anafunga, anafuta kodi ya kosa kwenye kompyuta ya gari, taa inazimika, nakaa na amani wiki mbili. Halafu nashuka Kyela kuchukua mchele, na wakati wa kurudi, pale unapoanza kupanda kutoka Ushirika kuja Tukuyu, taa inawaka tena. Karibu kona ileile.

Mara ya tatu sikuvumilia kufika Mbeya. Nilisimama Tukuyu kwa fundi umeme mmoja mtu mzima, gereji yake ni turubai na mparachichi. Alichomeka mashine ya kusomea kodi, akasoma P0131, kisha akaniuliza swali ambalo mafundi wawili waliotangulia hawakuniuliza: "Tata, inawakia wapi?" Hakuuliza lini. Nikamwambia kila mara ni mlimani, gari likiwa na mzigo. Akachukua tochi, akalala chini ya gari, na hata chai niliyoagiza ilikuwa haijapoa alipoita nije nione. Waya wa sensa ulikuwa umelalia bati la kukinga joto la ekzosi. Klipu inayoushikilia haikuwepo. Aliyeshusha gia boksi kubadilisha klachi mwaka mmoja nyuma hakuirudisha. Ganda la waya lilikuwa limeyeyuka sehemu ndogo, kama punje ya mtama, na shaba ilikuwa inaonekana. Barabara ikiwa tambarare waya hauguswi na kitu. Injini ikivuta mlima inajilaza kwenye maunti zake (mipira inayoishikilia), waya unagusa bati, inapiga shoti, kompyuta inaandika kodi.

Sensa zangu zote mbili zilikuwa nzima. Ile ya mtumba ninayo mpaka leo kwenye droo.

Tangu siku hiyo nina utaratibu ninaoufuata kabla ya mtu yeyote kunitajia neno "sensa mpya", na nimeshautumia kwa magari ya majirani pia. Ninauandika kwa mwenye gari la petroli la kawaida la Kijapani, haya tunayoyaona Mwanjelwa, Mafinga na Makambako kila siku. Wengi wenu hamtalala chini ya gari, na hiyo si shida. Ukijua maswali ya kuuliza, fundi hawezi kukuuzia kitu usichokihitaji.

Kwanza, sensa yenyewe inafanya nini

Ichukulie kama shahidi. Imechomekwa kwenye bomba la ekzosi, inanusa moshi na kuiambia kompyuta ya injini kama oksijeni iliyobaki ni nyingi au kidogo. Kompyuta inalenga kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli, na inaongeza au kupunguza mafuta kulingana na maneno ya huyo shahidi. Sensa ya kawaida inajibu kwa umeme mdogo sana: karibu volti 0.1 hewa ikizidi, karibu volti 0.9 mafuta yakizidi. Ikiwa nzima haitulii, inapanda na kushuka kati ya hizo mbili muda wote injini ikiwa ya moto.

Sasa shahidi akisema "hewa imezidi", huenda imezidi kweli. Ukimfukuza ukaleta mwingine, naye atasema hivyohivyo. Hapo ndipo hela za watu wengi zinapopotelea.

Hatua ya 1: Soma kodi zote, andika, usifute

Kodi ninayoisema hapa ni namba ya kosa kwenye kompyuta ya gari, si ile ya TRA. Kosa la kwanza ambalo wengi tunafanya ni kumwambia fundi "futa tuone kama itarudi". Itarudi. Na ukifuta unafuta pia kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati kosa linatokea, ambayo ndiyo mali yenyewe. Kuchomoa betri ni hivyohivyo, kumbukumbu inaondoka.

Piga picha ya skrini ya mashine kwa simu yako. Piga na kodi ambazo bado zinasubiri kuthibitishwa, maana kodi nyingi za aina hii haziwashi taa mpaka kosa lijirudie kwenye safari mbili mfululizo.

Halafu zigawe kwa familia, kwa sababu kila familia ina mlango wake:

P0135, P0141, P0031, P0032, P0037 na P0038 zinahusu hita, yaani kiwaya cha joto kilichomo ndani ya sensa. Hapa hakuna habari ya moshi wala mafuta, ni umeme tu. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4 na ya 5.

P0131, P0132 na P0134 zinahusu umeme wa taarifa: uko chini mno, juu mno, au haupo kabisa. Inaweza kuwa waya, inaweza kuwa sensa, na inaweza kuwa injini kweli ina hewa au mafuta kupita kiasi.

P0133 inasema sensa inajibu kwa uzembe. Hii ndiyo mara nyingi inamaanisha sensa imechoka au imechafuka, lakini ekzosi inayovuja nayo huileta.

P0171 (hewa imezidi) na P0172 (mafuta yamezidi) si kodi za sensa hata kidogo. Shahidi ametoa ushahidi, basi. Nimeona watu wakibadilisha sensa kwa P0171 tupu, inauma.

Zikiwepo mbili au tatu pamoja, soma kwa pamoja. P0171 ikiongozana na P0131 kwa mfano, anza kutafuta hewa inayopenya au waya uliopiga shoti kwenye bodi ya gari, kwa sababu vyote viwili vinaleta sauti ileile ya volti ndogo.

Kama una kile kidude cha bluetuthi cha bei nafuu cha kusomea kodi kwa simu na hakiungi na gari lako, usikitupe. Magari mengi ya soko la Japani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 hayazungumzi lugha ya kawaida ya OBD (ile ambayo mashine za kusomea kodi zinaielewa) hata kama soketi yake inafanana. Inabidi mashine ya fundi yenye programu ya Kijapani. Kwa Toyota za zamani ipo njia ya kipande cha waya: unaunganisha tundu namba 13 na namba 4 za soketi iliyo chini ya usukani, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya cheki injini inapepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. 25 ni hewa imezidi, 26 ni mafuta yamezidi. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuingiza waya, maana tundu namba 16 lina umeme wa betri muda wote na halina msamaha.

Hatua ya 2: Ni sensa ipi?

Gari lina sensa moja kabla ya masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi) na mara nyingi nyingine baada ya masega. Ya mbele inaitwa sensa ya 1, ya nyuma sensa ya 2. Neno "benki ya 1" ni upande wa injini wenye silinda namba 1. Kwa injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, kwa kawaida benki ni moja tu. Kwenye V6, kama baadhi ya Harrier na Mark X, zipo mbili.

P0135 ni ya mbele, P0141 ni ya nyuma. Inaonekana jambo dogo, lakini nimekuta gari la jirani lina sensa ya nyuma mpya kabisa inang'aa, wakati kodi ilikuwa inalia ya mbele. Fundi alibadilisha ile ambayo spana iliifikia.

Hatua ya 3: Uliza inawakia wapi

Ile kumbukumbu niliyosema usiifute ina mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo wa injini na marekebisho ya mafuta kwa wakati uleule kodi ilipoandikwa. Mashine nyingi zinaionyesha, fundi hana tabia ya kuifungua tu. Mwombe.

Yangu ilisoma hivi: mwendo kilomita 41 kwa saa, joto la maji 92, mzigo juu ya asilimia 70. Hiyo peke yake inamwambia mtu gari lilikuwa linapanda mlima gia ndogo. Ingesoma joto la maji 25 na mwendo sifuri, hadithi ingekuwa nyingine kabisa: asubuhi, gari baridi, na mimi ningeanza na hita.

Kama mashine haina hiyo habari, tumia daftari. Andika kila taa inapowaka: wapi, mlima au tambarare, mvua au jua, tangi lina mafuta ya wapi, gari limetoka kuoshwa injini au la. Mara tatu zinatosha kuonyesha tabia. Ikiwaka kila baada ya kuosha injini kwa mashine ya presha, tafuta soketi yenye maji. Ikiwaka kila baada ya kujaza petroli ya kidumu huko njiani, jibu unalo.

Hatua ya 4: Macho na mikono

Zima injini, ekzosi ipoe. Gari juu ya stendi, si jeki peke yake. Kisha fuata waya wa sensa kutoka sensa yenyewe mpaka soketi, na kutoka soketi mpaka unapoingia kwenye kitita kikubwa cha waya. Ufuate kwa vidole, si kwa macho tu.

Unatafuta ganda lililoyeyuka au kukakamaa, klipu zilizopotea, sehemu waya ulipovutwa ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo, na waya uliokatwa ukaungwa kwa kusokota na tepu nyeusi. Hiyo tepu karibu na ekzosi inakuwa ujiuji ndani ya miezi. Fungua soketi utazame vipini vyake: kutu ya kijani, maji, mafuta ya injini yaliyopanda kwa ndani ya waya.

Na panya. Huku kwetu Juni na Julai baridi inapokaza, nyumba yenye mahindi stoo ina panya, na panya anapenda injini iliyozimwa jioni ikiwa bado ina joto. Meno yake yanaacha alama safi, kama umekwangua kwa wembe.

Ukishaona waya ulipo, mwambie mtu akae kwenye usukani, awashe, abane breki na mguu na hendibreki, aweke gia na kugusa mafuta kidogo tu. Wewe simama pembeni, kamwe usisimame mbele ya gari, utazame injini inavyojilaza. Kama waya unakaribia bati au manifodi (mabomba ya moshi yaliyofungwa kwenye injini) wakati injini imejilaza, umeshapata mshukiwa wako, hata kama haujayeyuka bado. Kuurekebisha ni kazi ndogo: waya mpya wa unene uleule kwenye sehemu iliyoharibika, mpira wa kukinga joto juu yake, klipu au kamba ya plastiki kuushika mbali na moto. Mzee wa Tukuyu aliutumia waya mwembamba wa chuma kushikiza kwenye boliti ya gia boksi, na bado uko pale.

Jambo moja kuhusu kuunga: sensa nyingi zinapumua hewa safi kupitia katikati ya nyuzi za waya wake. Risasi ya kuchomelea inaziba hiyo njia, na grisi kwenye soketi ya sensa nayo inaweza kuziba. Kwa upande wa sensa, kwa hiyo, unga kwa vibano vya kukandamiza, usichomelee.

Hatua ya 5: Hita, kwa mita ya kupimia umeme ya elfu kadhaa

Sensa haisemi kitu mpaka ipate moto, takriban nyuzi 300 na zaidi. Hita iko ili isingoje ekzosi. Kwenye asubuhi za Mbeya, na kwa mtu wa safari fupi anayetoka Forest kwenda Kabwe na kuzima, hita mbovu inaonekana haraka kuliko kwa mtu wa Dar.

Chomoa soketi ya sensa. Upande wa sensa mara nyingi kuna waya nne, na mbili zenye rangi moja ndizo za hita. Pima ukinzani kati yake gari likiwa baridi. Kwa Toyota nyingi zenye sensa ya kawaida utapata kati ya om 11 na 16. Kwa zile zenye sensa ya uwiano wa hewa na mafuta (nitaieleza hatua ya 8), om 1.8 hadi 3.4. Mita ikionyesha haina mwisho, hita imekatika, sensa hiyo inunuliwe nyingine bila mjadala.

Ikiwa namba ni nzuri, geukia upande wa gari. Fungua swichi, pima kati ya tundu la umeme wa hita na bodi ya gari: utafute volti 12 hivi. Hakuna? Nenda kwenye boksi la fyuzi, mara nyingi ni ile iliyoandikwa EFI au jirani yake, kisha rilei. Volti zipo na hita nzima lakini kodi inarudi? Basi ni waya wa upande wa kompyuta, au kutu kwenye soketi. Kompyuta yenyewe kufa ni nadra, iache iwe ya mwisho kabisa kwenye orodha.

Hatua ya 6: Hewa inayoingia bila kupitia mlangoni

Hapa ndipo P0171 na jamaa zake wanapoishi.

Ekzosi inayovuja kabla ya sensa ya mbele inadanganya. Moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa ya nje kupitia ufa. Sensa inaona oksijeni, inasema hewa imezidi, kompyuta inaongeza mafuta, gari linakula mafuta na plagi zinakuwa nyeusi. Uzuri wa kuishi huku ni kwamba huhitaji mashine: amka saa kumi na mbili asubuhi ya baridi, washa gari, fungua boneti. Ufa kwenye gasketi ya manifodi utautambua kwa kamvuke keupe kanakotoka kwa mapigo, kama mtu anapumua, na mlio wa "tsi, tsi, tsi" ambao hupotea injini ikishapata moto na chuma kikatanuka. Alama ya masizi meusi kwenye maungio ni ushahidi tosha. Fanya hivyo nje, si ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa ekzosi unaua kimya.

Upande wa kuingiza hewa, tafuta mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la fita ya hewa: mikunjo yake hupasuka kwa chini ambako hakuna anayetazama. Kisha mipira midogo ya vakyumu, iliyokakamaa na kuchanika mwishoni. Nyunyizia maji kwa chupa ya kunyunyizia injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ikibadili mlio mahali fulani, papo hapo. Wengine wanatumia petroli au spree ya kabureta kwa kazi hii. Mimi situmii kitu kinachowaka juu ya manifodi ya moto.

Mashine ikiwa imechomekwa, tazama namba zilizoandikwa STFT na LTFT. Hizo ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, za sasa hivi na za muda mrefu. Ndani ya 10 juu au chini ya sifuri, lala usingizi. Zikiwa juu sana injini ikiwa sailensi, halafu zikashuka ukipandisha mizunguko hadi 2,500, ni hewa inayopenya. Zikiwa sawa sailensi lakini zinapanda kadiri unavyokanyaga, ni mafuta hayafiki: fita ya mafuta, pampu, au sensa ya hewa (MAF) iliyochafuka ikawa inahesabu hewa kidogo kuliko iliyoingia. Hiyo MAF inasafishwa kwa spree yake maalumu, unapuliza na kuiacha ikauke. Usiiguse na kitambaa. Kwa wanaoishi njia ya Chunya na vumbi lile, ingieni kwenye fita ya hewa kabla ya kitu kingine chochote.

Nisitoke hapa kabla sijasema jambo la mwinuko, kwa sababu limegharimu watu wa huku. Gari lenye sensa ya mgandamizo wa hewa (MAP) ukifungua swichi bila kuwasha injini linaonyesha mgandamizo wa anga. Pwani ni karibu kPa 101. Mbeya mjini, tukiwa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni karibu 82. Kyela inarudi karibu 95. Kuna mtu aliuziwa MAP mpya kwa sababu fundi alisoma kwenye simu kwamba namba sahihi ni 101 na yake ilikuwa 82. Mpya nayo ikasoma 82. Gari la EFI (linalopuliziwa mafuta kwa kompyuta) linajirekebishia mwinuko lenyewe, kwa hiyo "hewa nyepesi ya Mbeya" si sababu ya kodi ya sensa ya oksijeni. Kwa gari la kabureta ni kweli, linatupa moshi ukipanda Kitulo, lakini kabureta halina habari na makala hii.

Hatua ya 7: Mafuta yenyewe

Fupi. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaleta kumisi (silinda kukosa kuwaka) na masizi, na masizi yanafunika sensa. Koili au plagi inayomisi nayo inatupa hewa isiyoungua kwenye ekzosi, sensa inaona oksijeni na kusema hewa imezidi. Kwa hiyo ukiona P0300 hadi P0304 pamoja na kodi ya sensa, tibu kumisi kwanza, sahau sensa.

Hatua ya 8: Sasa, na sasa tu, mpime shahidi

Injini ya moto, ishikilie kwenye mizunguko 2,500, tazama volti za sensa ya mbele kwenye skrini. Inatakiwa ipande na kushuka haraka, mara kadhaa ndani ya sekunde chache. Kanyaga mafuta ghafla: iruke hadi 0.8 au 0.9. Achia ghafla: ianguke karibu na sifuri. Ikifanya hivyo kwa wepesi, sensa ni nzima na mtu asikudanganye. Ikijikokota kama mlevi anayerudi nyumbani, au ikiganda 0.45, imechoka.

Tahadhari kubwa iko hapa. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 2000 na kuendelea hayana sensa ya kawaida mbele. Yana sensa ya uwiano wa hewa na mafuta. Hiyo haipandi na kushuka. Inakaa karibu volti 3.3 mambo yakiwa sawa, na inafanya kinyume: volti zikipanda ni hewa imezidi, zikishuka ni mafuta yamezidi. Mashine nyingine za kawaida zinaigawanya namba hiyo kwa tano na kuonyesha 0.66 iliyotulia tuli. Mtu asiyejua anaona "imeganda", anaitoa sensa nzima.

Ukiitoa, itazame ncha. Nyeusi yenye masizi makavu: mafuta yamezidi muda mrefu. Kahawia yenye utelezi au magamba: injini inakula oili. Nyeupe kama chokaa: silikoni ya kuzibia, mara nyingi ile iliyopakwa kwa wingi kwenye gasketi na fundi mwenye haraka, au kulanti (maji ya rejeta) inayoingia kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi. Sensa mpya juu ya injini inayokunywa kulanti itakufa kama ya kwanza.

Hatua ya 9: Kununua na kufunga

Nenda dukani na namba ya spea, usiende na jina la gari. Kwa Toyota, namba inayoanza na 89465 ni sensa ya kawaida, inayoanza na 89467 ni ya uwiano wa hewa na mafuta. Zinafanana sura, uzi wa kufungia ni uleule, na hazibadilishani. Ukifunga 89465 mahali pa 89467 kodi itarudi kabla hujafika Uyole. Muuza duka akikuambia "hizi zote sawa, bosi", msalimie na uondoke.

Mtumba sina ugomvi nao kwa vitu vingi, ila sensa ya oksijeni ni kitu kinachochakaa kwa kutumika, kama tairi. Unanunua maisha yaliyobaki ya gari la mtu mwingine. Kwangu mimi, mpya moja ya namba sahihi inashinda mtumba tatu.

Kufungua, pulizia dawa ya kulainisha kutu usiku uliotangulia, tumia soketi ya milimita 22 yenye mkato wa kupitishia waya, na injini iwe na uvuguvugu, isiwe baridi kabisa. Mpya huja na grisi maalumu kwenye uzi. Kama haina, paka kidogo kwenye uzi tu, isiguse ncha. Isipakwe silikoni. Isianguke sakafuni pia, ndani ni kauri. Kaza kwa mkono hadi mwisho kisha spana. Kwa Toyota nyingi kipimo ni karibu Nm 44. Na kabla hujatoka chini ya gari, rudisha klipu ya waya.

Kuhusu masega

Ikibaki P0420 peke yake, hiyo inatoka kwa sensa ya nyuma ikisema masega hayafanyi kazi. Kabla ya kuhangaika, gonga masega kwa ngumi au nyundo ya mpira usikilize. Magari mengi yanayotembea huku masega yalishatolewa na kuuzwa, mwenye gari hana habari, kuna bomba tupu lililochomelewa. Yakicheza ndani kama kokoto, yamevunjika na yanaweza kuziba ekzosi, nalo linaweza kufanya gari lishindwe kupanda mlima Kitonga. Sensa mpya ya nyuma haitazima P0420 ya bomba tupu, hata ukinunua kumi.

Hatua ya 10: Futa, kisha lipeleke gari palepale taa ilipowakia

Sasa ndiyo unafuta. Washa gari likiwa limelala usiku, liache lipate moto, endesha mwendo mchanganyiko wa mjini na barabara kuu, kisha nenda kwenye mazingira ya ile kumbukumbu ya hatua ya 3. Kwangu ilikuwa Kyela na kurudi. Mwingine ataenda Mbalizi na kurudi, mwenye kosa la gari baridi atasubiri tu alfajiri tatu. Chomeka mashine hata kama taa haijawaka, utazame kodi zinazosubiri na kama vipimo vya sensa ya oksijeni vimekamilika. Vikiwa vimekamilika na hakuna kinachosubiri, kazi imeisha. Vikiwa havijakamilika, taa iliyozima haijakuambia kitu bado.

Mimi nilirudi Kyela Jumamosi iliyofuata na gunia mbili za mchele nyuma, mzigo kuliko siku zote, makusudi. Pale Ushirika nilipunguza gia, nikakanyaga, macho kwenye dashibodi kuliko barabarani, mpaka mke wangu akasema, "Baba, kuna lori mbele." Taa haikuwaka. Tukasimama Tukuyu, nikampelekea mzee kilo tano. "Ndaga," akasema, akairudisha tochi mfukoni na kuingia chini ya gari lingine.